Tuta la Spinachi

Achterheide, 24 Januari 1999

Mwanangu Reinhilde,

Pokea salamu zangu na za baba yako, na za njiwa wake arobaini na mmoja, ambao kwa maoni yake nao ni watu wa nyumba hii. Hatujambo. Goti langu ndilo linalonisumbua kwenye ngazi, lakini likiuma najua mvua inakuja, kwa hiyo hata lenyewe lina kazi yake. Mjukuu wangu Jorunn hajambo? Ile sweta niliyomfumia inamtosha, au mikono imeshakuwa mifupi? Hukusema. Na zile chupa sita za maharage nilizotuma kwa posta zilifika nzima? Hukusema hilo pia.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na baba yako anakaa palepale kwenye kiti chake akijifanya hasikilizi.

Habari kubwa huku ni mierebi. Imekatwa. Unakumbuka wale watu wa chuo kikuu walikuja mwaka wa tisini na sita wakapanda vijiti nyuma ya nyumba, pale tulipokuwa tukilima viazi, ili mizizi ivute ile sumu ya kiwanda, ile kadimiamu, ipande kwenye shina na majani. Vijiti vilikuwa vimeshapita banda la njiwa kwa urefu. Mimi bado sielewi mti unakunywaje chuma. Yule msichana wao, Lutgart, alinieleza tena taratibu kama mtu anayemvusha kipofu barabara. Anasema si mti peke yake. Ndani ya udongo kuna vijidudu vinavyoilegeza sumu ili mizizi iweze kuivuta, na wao waliviongeza: walichovya vijiti kwenye ndoo ya maji meupe yaliyojaa vijidudu. Miaka hamsini nimepiga deki kwa sabuni na maji ya moto ili niviue, leo naletewa kwa ndoo. Nikamwambia hivyo. Akacheka, nami nikacheka, lakini sikuelewa.

Basi, kabla ya Krismasi walikuja wanaume wawili na misumeno, wakakata yetu na ya Gust jirani, wakairundika ukutani. Lori lilikuwa lije kuichukua. Halikuja. Ikawa theluji, kisha barafu, kisha kimya. Lutgart mwenyewe yuko ng'ambo mpaka Aprili, sijui ni masomo au mkutano. Na rundo limekaa pale, kuni nzuri kabisa, zinalowa. Unanijua, siwezi kutazama kitu kizuri kikioza. Kwa hiyo tumewasha jiko. Gust naye katuletea zake kwa toroli maana yeye anatumia gesi, akaniambia, "Mena, wewe ndiye wa kwanza katika Kempen nzima kuwashiwa moto na maprofesa." Nyumba ina joto mpaka juu chumbani kwako. Majivu nayapeleka kwenye tuta la spinachi, kama alivyofanya bibi yako, na kama ulivyokuwa ukifanya wewe na ndoo yako ndogo ya bati.

Ulisema sumu ya udongoni ikishuka mpaka mbili utamleta Jorunn. Kipimo cha mwisho kilikuwa sita. Usinicheke, lakini kila nikitia kijiti jikoni nasema moyoni, haya, na hiyo imetoka.

Niandikie upesi. Siulizi mengi, nauliza kiangazi tu.

Mama

*

Bergen, 7 Machi 1999

Mama,

Nisamehe. Barua yako imekaa juu ya meza wiki tano ikinitazama kila ninapokunywa kahawa. Jorunn ameng'oka meno mawili ya mbele na anayabeba kwenye kisanduku cha kiberiti kuwaonyesha watu kwenye basi. Nakuwekea picha humu. Sweta inamtosha. Baba yake Torleif yuko kwenye feri, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani, na akiwa nyumbani analala. Hapa mvua, mvua, mvua.

Chupa zilifika nzima, asante.

Kiangazi bado sijui. Maktabani tumebaki wawili tu, na mwenzangu ameshaandika likizo yake kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Tusubiri kipimo kijacho, Mama. Tulikubaliana hivyo.

Ndoo ya bati naikumbuka. Ilikuwa na mpini wa mbao uliopasuka, ukinibana kidole kila mara. Msalimie Baba na njiwa wote.

Reinhilde

*

Achterheide, 19 Aprili 1999

Reinhilde wangu,

Pasaka imepita salama. Baba yako alikula mayai manne asubuhi moja, daktari asijue. Yule njiwa wake wa kijivu amerudi wa kwanza kwenye mashindano ya kutoka Ufaransa, kwa hiyo kwa siku mbili nimekuwa na mume mwenye furaha. Alifuta hata vyombo. Picha ya Jorunn na pengo lake nimeiegemeza kwenye saa ya sebuleni, kila mtu anayeingia nampeleka pale kwanza.

Umesema chupa zilifika nzima. Hukusema kama maharage yalikuwa na ladha. Nilizidisha chumvi? Niambie tu, sitakasirika.

Spinachi imeota. Mwaka huu ni nene, kijani kile cha giza. Gust anasema majani yake yangetosha kuezekea banda. Tunakula karibu kila siku, na viazi vya kuponda na kipande cha soseji.

Lutgart alirudi wiki iliyopita. Alichukua udongo kule kwenye mierebi, ambayo imeanza kuchipua upya kwenye visiki, na akachukua pia kwenye tuta la spinachi. Akauliza lile rundo liko wapi. Nikasema limeondoka. Akasema vizuri, kumbe lori lilikuja, akaandika kwenye daftari lake. Nami nikanyamaza. Sijui kwa nini. Alikuwa na haraka, na ghafla nikahisi kwamba zile kuni pengine hazikuwa zetu, nikaona aibu kama mtu aliyechukua kitu sakafuni kanisani. Usimwambie mtu.

Kisha akaiona njia nyeusi, ile ya kutoka getini hadi banda la njiwa. Akamuuliza baba yako iliwekwa na nani. Baba yako akasema aliiweka yeye, mwaka wa hamsini na nane, kwamba kiwanda kiliwapa wafanyakazi mabaki ya tanuru bure, achukue anayetaka, na kila mtu Achterheide alichukua ili asikanyage tope. Lutgart akasema nayo itabidi ing'olewe siku moja, maana mvua inaikamua sumu. Baba yako akapanda juu kwa njiwa wake, hakushuka mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Sasa mimi nikauliza swali langu. Nikamuuliza, itachukua miaka mingapi kufika mbili? Akasema ishirini na mitano, labda thelathini, mierebi si sabuni. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Nitakuwa na miaka tisini na saba. Jorunn atakuwa na watoto wake. Wewe ulijua hilo? Kama ulijua, mbona uliniambia "ikishuka mpaka mbili" kama vile ni mwakani?

Silalamiki. Nimechanganyikiwa tu. Labda kuna kitu nilisema mara ile mlipokuja, kuhusu Torleif na viatu vyake ndani ya nyumba. Kama ni hilo, avae tu.

Mama

*

Achterheide, 22 Juni 1999

Mwanangu,

Wiki tisa. Simu inalia, hakuna anayepokea, au anapokea Torleif na Kiholanzi changu hakielewi na Kinorwe chake sikielewi, tunaambiana "ja, ja" mpaka mmoja wetu anachoka. Nimeelewa tu kwamba mko wazima. Mungu ashukuriwe kwa hilo. Na sisi tu wazima, goti ni lilelile.

Kipimo kimekuja. Keti kwanza. Kule kwenye mierebi bado ni sita, labda imepungua kidogo sana, Lutgart anasema ni mapema mno kujua. Lakini tuta la spinachi limepanda. Kutoka sita hadi karibu tisa. Limepanda, Reinhilde. Alipima mara tatu. Alikuja mwenyewe kuniambia, akakaa jikoni na makaratasi yake, nikaona kwamba hata yeye haelewi, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mtu aliyesoma miaka yote ile akishangaa, mimi nifanyeje?

Nimefikiri kila kitu. Labda kuku wa Gust. Labda kiwanda kinatoa moshi usiku, ingawa baba yako anasema tanuru za zamani walishazizima tangu ulipokuwa shule. Labda vile vijidudu vimelegeza sumu, kisha vikaiacha itembee mpaka upande wangu. Nilimwambia Lutgart hilo la vijidudu. Hakucheka. Akasema atalifikiria. Baba yako anasema ni laana ya kukaribisha watu wa chuo kikuu nyumbani.

Sasa nikueleze jambo dogo. Siku hiyo nilikuwa na supu ya spinachi jikoni, ile ya kuweka yai. Nikamkaribisha Lutgart. Akasema amekula. Nikasema hata kikombe kimoja. Akasema tumbo lake si zuri leo. Alipotoka nikamwona dirishani, amekaa ndani ya gari lake, anakula mkate aliokuja nao. Na hapo ndipo nilipokumbuka: miaka mitatu anakuja hapa, hajawahi kula kwangu. Kahawa ndiyo. Biskuti za dukani ndiyo. Cha bustanini, kamwe.

Na wewe, kiangazi kile cha mwisho mlipokuja, tumbo lilikuwa linakuuma. Siku nne mfululizo. Jorunn naye ulimpikia uji pembeni, ukasema ndivyo alivyozoea.

Reinhilde, nakuuliza kama mama yako. Lilikuwa linakuuma kweli?

Mama

*

Bergen, 14 Julai 1999

Mama yangu,

Hatujambo. Jorunn ameota jino moja, limekuja upande. Nimeiandika barua hii mara nne, hii ya tano naituma jinsi ilivyo.

Hapana. Halikuwa linauma.

Miezi michache kabla ya safari ile nililazwa kwa ajili ya jiwe kwenye figo. Nilikuambia ni mafua. Daktari alipima mkojo, akapima tena, akaniuliza kama navuta sigara. Nikasema sijawahi. Akaniuliza kama nimefanya kazi ya betri au rangi au kuchomelea vyuma. Nikasema ninapanga vitabu. Akaniuliza nilikulia wapi, nilikula nini utotoni. Nikasema chakula cha mama yangu.

Ni kadimiamu. Iko kwenye figo, Mama, na ikishaingia haitoki tena maishani. Si nyingi kiasi cha kuniangusha. Napimwa kila mwaka, na daktari anasema kwa uangalifu nitazeeka kama watu wengine. Lakini nilirudi nyumbani kutoka hospitalini nikajua jambo moja tu: siwezi kukuambia. Nitakuambiaje? Ulikuwa unaamka kabla ya jua kupalilia tuta lile. Nikaja kiangazi nikakaa mezani kwako, ukaniwekea sahani, nikakutazama, nikasema tumbo linauma. Na kila ulipompakulia Jorunn niliiondoa sahani yake nikamletea uji. Kwa hiyo nilitafuta namba. Lutgart alikuwa ameshaniambia kwa simu kuhusu miaka thelathini. Nilichagua mbili kwa sababu nilijua haitafika, na hutaweza kuniuliza kitu kingine.

Maharage niliyamwaga. Chupa ninazo. Nisamehe.

Kuna jingine. Ulipoandika kuhusu kipimo nilizitoa barua zako zote nikazisoma kwa mfuatano. Mama, ni kuni. Mierebi ilivuta sumu ikaiweka ndani ya mti. Ukachoma mti. Moto hauli chuma, Mama. Nyingine imepanda na masizi, na iliyobaki iko kwenye majivu, yenu na ya Gust pamoja, na majivu ukayapeleka kwenye tuta. Miaka mitatu ya kazi ya mierebi umeibeba kwa ndoo ukaimwaga pale tunapokula. Na mimi niliisoma barua ile mwezi wa pili kwa macho yangu, nikakumbuka ndoo tu. Haikunipitia akilini hata kidogo. Majivu huenda kwenye mboga. Yangeenda wapi kwingine?

Mwambie Lutgart. Usile ile spinachi, wala Baba asile. Tafadhali.

Nataka kuja Oktoba, shule zikifungwa kwa likizo ya vuli, siku nane, mimi na Jorunn. Lakini nataka nikae mezani kwako nisile chochote cha bustanini, na mtoto asile, na usiniangalie kwa ule uso wako. Kama huwezi, niambie. Sitakulaumu.

Reinhilde

*

Achterheide, 6 Septemba 1999

Mwanangu Reinhilde,

Salamu kwako, na kwa Jorunn na jino lake la upande, na kwa Torleif. Sisi tunaendelea. Najua umengoja. Wiki saba na zaidi, na umedhani nimekasirika. Sikukasirika. Kila nilipokaa na kalamu, neno la kwanza lililokuja lilikuwa baya, na la pili lilikuwa baya zaidi, basi nikainuka kupiga deki.

Barua yako niliisomea ngazini, kwa sababu postamani alinikuta pale. Nikakaa papo hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Baba yako sikumwambia kwa wiki nzima. Nilichemsha makaroni. Aliuliza kwa nini makaroni, nikasema napenda. Siku ya nane nikamwambia yote. Alikuwa amewasha redio kusikiliza kama njiwa wameachiwa, akaizima. Sijawahi kumwona akiizima. Akasema, "Njia niliileta mimi."

Nikamwambia, "Na mimi nikaipika sumu yake."

Basi. Alinisaidia kumenya viazi vya dukani, akakata maganda manene mno, nikamwacha.

Kisha nikampigia Lutgart. Na sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia maishani, ingawa nadhani unajua. Walipopanda mierebi walituachia karatasi. Ukurasa mzima, herufi ndogo. Niliitazama, nikaona maneno marefu yamekaa pamoja kama watu wa harusi nisiowajua, nikaiweka nyuma ya saa. Shule niliacha nina miaka kumi na miwili, mwaka ule Wajerumani walipolala darasani kwetu, na baada yao hakuna aliyeniambia nirudi. Magazeti nasoma. Barua zako nasoma, mara nyingi. Karatasi kama ile hapana. Nilimpa Lutgart anisomee kwa sauti. Mstari wa tatu: msichome, na majivu yasiende bustanini. Mstari wa tatu tu, Reinhilde. Sikufika hata pale.

Nilidhani atanigombeza. Akalia kidogo, kwa kweli, kisha akasema kosa ni lao, kwamba lori halikuja, na kwamba mtu aliyeandika karatasi ile hajawahi kuwa na jiko la kuni. Akaenda kuuliza kwenye bustani zote kumi na mbili anazozipima. Unajua wangapi tulichoma? Saba. Na wote saba majivu yalienda kwenye mboga. Mama Coenen wa kule kanisani alikuwa ameyapeleka mpaka kaburini kwa mumewe, kwenye maua. Sijui kama nilipaswa kucheka. Nilicheka.

Wamekuja kukwangua tuta. Walichukua udongo wa juu kwa mifuko, wakang'oa spinachi yote nayo ikaingia kwenye mifuko, wakafunga kama kitu cha hospitali. Nilisimama mlangoni na aproni. Lile lilikuwa tuta la bibi yako. Majira ya machipuko watapanda mierebi pale pia, na ndoo yao ya vijidudu, na mara hii lori litakuja kila majira ya baridi, Lutgart ameapa. Njia nyeusi wataing'oa mwezi ujao. Baba yako anasema atashika sururu mwenyewe, na miaka yake sabini na mmoja. Kupimwa amekataa. Mimi nimekwenda. Bado wananipima, usiniulize sasa.

Kuna jambo linanizunguka kichwani na sipati pa kuliweka. Ulikuwa mtoto mweupe sana, midomo haina rangi. Daktari wa kijiji akaniambia, mama, mpe spinachi, atapata damu. Nikakupa. Hukutaka, ulikuwa unaificha chini ya ulimi, nami nilikuwa nakufumbua mdomo na kukuambia meza. Kila siku. Na ukapata damu, Reinhilde, mashavu yakawa mekundu, watu kanisani waliniambia. Kwa hiyo nilikosea wapi? Nilitakiwa nijue vipi? Sikuulizi wewe. Wala sijui namuuliza nani.

Uso wangu siwezi kukuahidi. Uso unafanya unavyotaka. Lakini nimemwambia baba yako kwamba akiniona nakutazama sana mezani, yeye anikanyage mguu. Amekubali haraka mno kwa maoni yangu.

Njoo na Jorunn. Njoo tarehe mbili Oktoba, au ya kwanza kama treni ipo. Kitanda chako nimekitandika shuka mpya.

Jumamosi nilikwenda kwenye lile duka kubwa la barabara kuu ili nijizoeze kabla hamjafika. Nilisimama mbele ya karoti, sijui muda gani. Zote zimeoshwa, zimefungwa kwenye mifuko, hazina majani, hazina udongo, huwezi kujua zimeng'olewa lini wala na nani. Mwanamke mmoja akapitisha mkono mbele yangu, akachukua mfuko bila hata kuutazama, akaenda zake. Mimi nilirudi na kikapu kitupu, miaka sitini na saba na sijui kununua karoti. Kwa hiyo nijibu upesi mara hii. Jorunn anapenda mboga zipi? Na huko kwenu dukani, mnazichaguaje?

Mama